Magarasa Yanapokutana: Deki ya Kombo Ni Ipi Hasa?

Ukikaa na machalii wanaocheza kadi hapa Arusha, hasa walioanza na Yu-Gi-Oh! kwenye simu kisha wakahamia Magic: The Gathering, utasikia kila deki, yaani kadi ambazo mchezaji amejipangia, inaitwa kombo. Kadi mbili zikisaidiana, kombo. Mtu akishusha kadi tano kwa zamu moja, kombo. Akishinda mapema, basi huyo ana deki ya kombo na hataki wenzake wacheze. Nimeyasikia haya muda mrefu na naona yanatugharimu, maana usipojua unapigana na nini utazuia kadi isiyo na madhara, utaachia ile yenye madhara, na utafungwa huku dawa iko mkononi mwako.

Nianze na kinachochanganya wengi. Kadi kusaidiana bado si kombo. Deki yoyote iliyopangwa na mtu makini ina kadi zinazobebana. Chukua deki ya Goblin kwenye Magic: huyu anawaongezea wenzake nguvu, yule anawapa kasi, mwingine anaita Goblin wengine kutoka kwenye rundo la kadi ambazo hazijavutwa. Lakini ukimuua mmoja, waliobaki bado ni jeshi, limepungua kidogo tu. Uhai wako unaliwa pointi tatu zamu hii, nne zamu ijayo. Huo ni ushindi wa kulimbikiza, na deki nyingi sana duniani zinashinda hivyo, hata zile za kontroli, yaani za kuzuia anachofanya mpinzani, zinazolimbikiza kadi mkononi badala ya mapigo.

Deki ya kombo hailimbikizi. Zamu ya kwanza, ya pili, ya tatu, unaitazama na mezani hamna kitu cha kutisha. Uhai wako uko palepale. Halafu ndani ya zamu moja mchezo umekwisha. Wengi wanaona hapo kasi tu, lakini kasi ni matokeo. Zipo deki za kombo zinazongoja mpaka zamu ya saba, na zipo deki za kushambulia zinazoua zamu ya tatu. Ninachokiona mimi ni kwamba deki ya kombo inaufuta ule mchezo wa kusukumana na mahali pake inaweka swali moja ambalo lazima ulijibu papo hapo: unayo au huna?

Sehemu ya kwanza ya swali hilo ni magarasa. Mtu yeyote aliyewahi kucheza karata kijiweni anajua uchungu wa kulamba garasa. Sasa deki ya kombo imejazwa magarasa kwa makusudi. Exodia, ambaye wengi wetu tulimjua kwenye katuni ya Yu-Gi-Oh!, ndiye mfano ulio wazi kuliko wote. Ni kadi tano: kichwa, mikono miwili, miguu miwili. Kila mkono na kila mguu una nguvu 200 za kushambulia na 300 za kujilinda, katika mchezo ambao mtu anaanza na pointi 8000 za uhai. Ukimshusha mezani mguu wa kulia wa Exodia peke yake, umempa mpinzani zawadi. Zikikutana zote tano mkononi, umeshinda bila kushambulia hata mara moja. Thamani ya kila kadi iko kwenye nyingine, haimo ndani yake yenyewe.

Magic nayo ilizaliwa na jambo hili tangu ilipotoka mwaka 1993. Kulikuwa na Channel, kadi ya kijani inayokuruhusu kugeuza kila pointi moja ya uhai wako kuwa mana moja (mana ndiyo nguvu ya kulipia kadi, na kwa kawaida inatoka kwenye kadi za ardhi), na Fireball, kadi nyekundu inayochoma kwa kadiri ya mana uliyoilisha. Hesabu yake naipenda sana. Zamu ya kwanza kabisa: unashusha ardhi ya Mountain, unapata mana moja nyekundu. Unashusha Black Lotus, unapata mana tatu za kijani. Mbili zinalipia Channel. Umebaki na moja ya kijani na moja nyekundu. Unatoa uhai wako 19 upate mana 19. Ile nyekundu inafungua Fireball, na zilizobaki zinafika 20 kamili. Mpinzani alikuwa na uhai 20. Wewe umebaki na 1, yeye hana kitu. Na kama Fireball ingezuiwa? Ungebaki na uhai 1 na meza tupu. Kombo halisi inakuwa na ukingo huo. Inaweka kila kitu kwenye jibu la yule mwingine.

Tatizo ni kuzikutanisha hizo kadi. Hapa ndipo watu wanaojenga deki kwa hamu tu wanapokwama, kwa hiyo nitakaa kidogo kwenye hesabu. Deki ya kawaida ya Magic ina kadi 60, unaruhusiwa nakala 4 za kadi moja, na unaanza na kadi 7. Uwezekano wa kuanza na angalau nakala moja ya kadi unayoitaka ni karibu asilimia 40. Uwezekano wa kuanza na kadi mbili tofauti unazozihitaji, zote kwa pamoja, hauzidi asilimia 15. Ukingoja mpaka umeona kadi 10 unapanda hadi robo na ushee. Hakuna mtu anayeshinda mashindano kwa robo na ushee. Lakini ukipata kadi 4 nyingine zinazofanya kazi ileile ya kipande cha kwanza, na 4 nyingine za kipande cha pili, mkono wako wa mwanzo tu unafika asilimia 40.

Exodia ni mbaya zaidi. Kila kiungo kimewekewa mpaka wa nakala moja. Kwenye deki ya kadi 40, kuanza na vyote vitano mkononi ni nafasi moja kati ya 658,008.

Ndiyo maana ukiifungua deki ya kombo ukaitandaza mezani, kadi zinazoshinda ni chache mno. Zilizobaki ni wafanyakazi: zinazotafuta kadi kwenye rundo, zinazovuta kadi nyingi kwa mpigo, zinazotoa mana ya ziada, na zinazolinda, yaani zinazompokonya mpinzani kadi yake ya kuzuia kabla hujaanza au zinazoizuia ikija. Mchezaji mgeni anahesabu vipande vya ushindi na kusema deki hii ina kadi nane tu. Mzoefu anaangalia wafanyakazi, kwa sababu hao ndio wanaoamua swali litaulizwa zamu ya ngapi na litaulizwa mara ngapi.

Mwaka 1997 Mike Long alishinda Pro Tour ya Paris, mashindano ya wachezaji bora wa Magic, kwa deki iliyoitwa ProsBloom, na mpaka leo naiona kama somo kamili. Cadaverous Bloom inageuza kila kadi ya mkononi kuwa mana mbili. Prosperity inageuza mana kuwa kadi. Kwa hiyo unachoma kadi upate mana, unalisha Prosperity upate kadi nyingi zaidi, unazichoma nazo, mpaka una mana ya kutosha kummaliza mtu kwa Drain Life. Squandered Resources inakuruhusu kutoa kafara hata ardhi zako. Fikiria maana yake: mtu anaangamiza kila alichojenga, kwa hiari, kwa sababu hana mpango wa kuwa na zamu nyingine.

Mwaka uliofuata ikatoka Urza's Saga na mambo yakaharibika. Ardhi moja, Tolarian Academy, ilitoa mana ya bluu kwa kila kifaa ulichonacho mezani, na pembeni yake kulikuwa na kadi za kujaza mkono kama Windfall na Time Spiral. Kadi zikaanza kufungiwa, yaani kukatazwa mashindanoni, kwa mfululizo, na mwaka 1999 Memory Jar ikafungiwa kwa dharura muda mfupi tu baada ya kutoka. Sina huruma na uamuzi ule wala silaumu. Swali la unayo au huna likiulizwa kabla mtu hajapata nafasi ya kushusha ardhi ya pili, si swali tena.

Sasa deki iliyonifanya nibadili mawazo kuhusu magarasa ni Splinter Twin. Kombo yenyewe ni rahisi kueleza. Deceiver Exarch ni kiumbe cha mana tatu kinachoweza kushushwa hata kwenye zamu ya mpinzani, na kikiingia kinasimamisha kitu chako kimoja au kinalaza kitu kimoja cha mpinzani (kadi ikitumika inalazwa ubavu, na haitumiki tena mpaka isimamishwe). Splinter Twin, ya mana nne, inabandikwa juu ya kiumbe, nacho kikilazwa kinatoa nakala yake yenye uwezo wa kushambulia papo hapo. Nakala ya Exarch ikiingia inamsimamisha Exarch wa kwanza, naye analazwa tena, anatoa nakala nyingine. Unatengeneza Exarch kadiri unavyotaka na unashambulia. Kipande cha akiba ni Pestermite, anayefanya kazi hiyohiyo.

Tulikuwa Kijenge, nyuma ya mgahawa mmoja wa mtori ambako tunaruhusiwa kukaa Jumamosi alasiri, na dogo mmoja anayesoma chuo alikuwa na deki hiyo. (Kadi zetu nyingi ni za kuchapa stesheneri, karatasi imetangulizwa mbele ya kadi ya kawaida ndani ya kava. Halisi huja kwenye begi la mtu anayerudi kutoka nje. Mashindano rasmi hayakubali kadi za kuchapa, lakini kwa kujifunza zinatosha kabisa.) Mimi nilikuwa na viumbe vya kijani na vyeupe, na mkononi nilikuwa na Path to Exile, kadi ya mana moja nyeupe inayomwondoa kiumbe mchezoni kabisa, ingawa mwenye kiumbe anafidiwa ardhi moja kutoka kwenye rundo lake.

Nina ardhi tatu, yeye tatu, zote zimesimama. Mkononi nina kiumbe kikubwa cha mana tatu. Nikikishusha, ninambana. Lakini nikikishusha sina mana ya Path, na zamu yake ijayo ni ya nne. Nikashusha kiumbe kidogo cha mana mbili na kuacha Plains moja, ardhi ya mana nyeupe, imesimama. Mwisho wa zamu yangu akamshusha Exarch na kuielekeza ile Plains: inalala. Hapo una sekunde chache za kuamua. Nikiiacha ilale, kisha awe na Twin, nimekufa. Nikitumia Path sasa hivi, kabla ardhi haijalala, Exarch ameondoka lakini dogo anarukia ardhi ya tano kabla ya wakati. Nikatumia Path. Zamu iliyofuata akaacha tena mana tatu wazi, nami nikaacha tena mana moja. Ikawa hivyo zamu baada ya zamu: mimi nacheza nusu ya nguvu yangu, yeye ananipiga kwa Snapcaster Mage na Lightning Bolt, viumbe vidogo na moto mdogomdogo, mpaka nikaisha.

Akageuza mkono wake juu ya meza.

"Kaka, Twin sijaiona tangu tumeanza."

"Dogo, mimi ningeona nini zaidi ya hizo mana tatu?"

Ningerudia vilevile. Kucheza kinyume chake ni kumpa mtu ushindi wa bure kila anapokuwa nayo. Ila mchezo ule ulinionyesha kuwa kipimo cha magarasa hakitoshi. Ukitoa kombo kwenye deki ya Twin, inabaki deki nzuri kabisa ya bluu na nyekundu, si rundo la takataka. Wapo wanaosema kwa sababu hiyo Twin ni kontroli yenye kombo pembeni. Nakataa. Tangu zamu ya tatu sikuwa nacheza mchezo wangu, nilikuwa najibu swali ambalo hata halijaulizwa. Deki inayokulazimisha kuishi hivyo ni deki ya kombo, hata kama siku hiyo kombo yenyewe imelala chini ya rundo. Twin ilifungiwa kwenye Modern, aina ya mashindano yenye orodha yake ya kadi zinazoruhusiwa, Januari 2016 na kufunguliwa Desemba 2024, na ilirudi kwenye mchezo wenye kasi kubwa zaidi ya ule iliouacha.

Kuna aina nyingine isiyo na vipande viwili wala vitatu. Mwaka 2003 seti ya Scourge ilileta uwezo unaoitwa Storm: kadi ikichezwa inajinakili mara moja kwa kila kadi iliyotangulia kuchezwa zamu hiyo. Tendrils of Agony inamnyonya mpinzani uhai 2. Icheze ikiwa kadi ya kumi, unapata nakala tisa na yenyewe ni ya kumi, jumla 20. Hapa hakuna kadi ya kuogopwa kuliko nyingine. Dark Ritual inageuza mana moja kuwa tatu, nyingine inatafuta, nyingine inavuta, na hesabu inapanda kimyakimya. Wageni wanafanya kosa moja kila mara: wanabana kadi yao ya kuzuia mpaka Tendrils itokee, kisha wanaizuia. Umezuia moja, nakala tisa zinaendelea. Mlango wa kufunga uko nyuma, pale anapotafuta kadi ya kumfikisha, mana yake ikiwa imeshaanza kuwaka na hawezi kurudi. Mark Rosewater, mbunifu mkuu wa Magic, anatumia kipimo cha kueleza uwezekano wa uwezo fulani kurudi kwenye seti mpya, na kipimo hicho kimepewa jina la Storm kwa sababu yenyewe iko mwisho kabisa, mahali pa visivyotarajiwa kurudi.

Lawama kubwa dhidi ya kombo ni kwamba unamfanya mwenzako mtazamaji. Lawama hiyo wakati mwingine ni ya haki. Stanislav Cifka alishinda Pro Tour ya Seattle mwaka 2012 kwa deki ya Second Breakfast, iliyokuwa ikitoa kafara vitu vyake vidogovidogo na kuvirudisha, kuvuta kadi moja, kurudia, kuvuta nyingine, kwa dakika nyingi mfululizo bila kuwa na uhakika kwamba itafika mwisho. Mwaka uliofuata Second Sunrise, kadi ya kuvirudisha vitu hivyo, ilifungiwa kwenye Modern, na sababu ilikuwa muda. Nadu, Winged Wisdom, alifuata njia hiyohiyo mwaka 2024: Simon Nielsen alishinda naye Pro Tour mwezi Juni, na Agosti akafungiwa. Raundi ya mashindano ina dakika 50. Mtu akizila 20 peke yake, ukumbi mzima unachelewa.

Lakini siwezi kukubali kwamba anayepigana na kombo hana kazi. Kazi yake inaanza nyumbani, anapochagua kadi 15 za pembeni, zile za kubadilishia kati ya mchezo na mchezo. Rest in Peace inafunga deki zinazoishi kaburini, yaani kwenye rundo la kadi zilizokwisha kutumika. Rule of Law inaruhusu kila mtu kadi moja tu ya kuchezwa kwa zamu, na Storm inakufa pale. Force of Will, tangu mwaka 1996, inakupa nafasi ya kuzuia hata ukiwa huna mana, kwa kutoa uhai 1 na kadi nyingine ya bluu. Kisha kuna kazi ya kujua usimame wapi. Kadi ya kuzuia peke yake pia haitoshi: ukikaa na jibu mkononi bila kumshambulia, mwenye kombo ana muda wa kutafuta kadi ya kukupokonya jibu lako. Jibu liende pamoja na presha.

Kwa wanaotoka Yu-Gi-Oh!, mambo yamegeuzwa kidogo na ndiyo maana tunabishana sana. Kule hakuna mana. Unamwita kiumbe kwa njia ya kawaida mara moja kwa zamu, lakini njia maalumu hazina kikomo. Kombo ya kule mara nyingi haikuui zamu ileile. Inaanza na kadi moja, inapita hatua kumi na tano, na mwisho mezani kuna viumbe vinne, kila mmoja anangoja kukukatalia kitu. Swali linakufikia kabla hujacheza hata kadi moja, na jibu lake liko mkononi: Ash Blossom & Joyous Spring, iliyotoka 2017, unaitupa na kuzima kitendo kinachochota kitu kutoka kwenye rundo. Ujuzi ni kutoizima hatua ya kwanza kwa papara. Unangoja hatua ambayo baada yake hana njia nyingine. Deki ikizimwa hapo ikabaki na meza tupu, hiyo ni kombo. Ikizimwa ikaweka kadi mbili kifudifudi na kusema zamu yako, na bado ina mchezo, hiyo ni kitu kingine, hata kama zamu yake ilikuwa ndefu.

Sasa hivi vijana wengi hapa wanapenda Commander, watu wanne meza moja, kadi 100 zisizojirudia, uhai 40. Huko kombo inayosumbua ni Thassa's Oracle na Demonic Consultation, mana tatu kwa jumla. Unamshusha Oracle, na kabla uwezo wake haujatekelezwa unacheza Consultation ukitaja kadi ambayo haimo kwenye deki yako. Rundo lako lote linaondoka, Oracle anakuta halina kitu, umeshinda. Uhai 40 wa kila mmoja mezani haukuhusika kabisa. Watatu waliobaki wana dirisha moja dogo, kati ya hizo kadi mbili.

Hatujaipiga marufuku. Tulichokubaliana ni kwamba kabla ya kuchanga karata kila mmoja aseme kama deki yake inaweza kuuliza swali, na kuanzia zamu ya ngapi, ili asiwepo anayekaa na deki ya viumbe vya mana sita mbele ya mtu anayemaliza zamu ya tatu. Yangu inauliza kuanzia zamu ya tano, mara chache ya nne, na anayekaa nami namwambia pia ni rangi gani anatakiwa kuiachia mana.